Mafuta ya Shea: Nusa Kwanza!

Julai iliyopita baridi ilinitandika hadi visigino vikapasuka magaga. Nikakimbilia sokoni, nikauziwa kikopo cha "shea" nyeupe pe, isiyonukia chochote. Nikapaka wiki mbili, wapi! Nikawa naona haya kuvua viatu bwenini.

Shangazi yangu aliyeolewa Lira, kaskazini mwa Uganda, alipokuja alicheka sana. Huko mafuta haya huitwa moo yaa. Kina mama huokota matunda yaliyoanguka, wakaanika kokwa, wakazibangua, wakazikaanga na kuzisaga, kisha wakachemsha hadi mafuta yaelee. Mti wenyewe huchukua miaka 15 hadi 20 kabla ya kuzaa, na bado kuna watu wanaukata kuchoma makaa!

Shea haibadilishi rangi ya ngozi, enyi wapenda weupe. Kazi yake ni kuzuia maji yasitoroke ngozini. Basi ipake mara tu utokapo kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu.

Utaijuaje iliyo nzuri? Isiyosafishwa kiwandani huwa na rangi ya malai au manjano hafifu, hunukia kama njugu zilizokaangwa, na huyeyuka kiganjani. Ya Uganda ni laini kuliko ya Afrika Magharibi. Nyeupe isiyonukia imesafishwa, au si shea kamwe. Ikinuka uvundo, imeharibika. Ihifadhi mbali na jua.

Leo navua viatu bila wasiwasi. Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nusa kwanza, ndipo utoe pesa!