Mwanaanga Aliyerudi Kuwa Mwanafunzi

Jina la Yuri Gagarin si geni majumbani mwetu. Hata mtoto wa shule ajua kwamba yeye ndiye binadamu wa kwanza kuizunguka dunia kwa chombo cha anga, tarehe 12 Aprili 1961, kwa muda wa dakika 108. Lakini tumepata kuwauliza vijana wetu: Je, mtu huyu alikufaje? Wengi hujibu kwamba alipotea huko juu katika safari nyingine. Sivyo. Alikufa akiwa darasani, kwenye kiti cha mwanafunzi, na mwalimu wake nyuma yake, ndani ya ndege ya jeti ya mtindo wa zamani. Sisi ambao kazi yetu ni kusomesha habari hii yatugusa, ndiyo sababu tumependa kuieleza.

Aliporudi kutoka angani, serikali ya Kisovieti ilimfanya kito. Alitembezwa nchi nyingi, akapokewa na wakuu, akavishwa nishani. Na kito, kama mjuavyo, huwekwa sandukuni; hakitumiwi. Waliogopa asije akafa, basi wakawa wakimzuia kuruka. Tarehe 24 Aprili 1967 mwenziwe, Vladimir Komarov, alikufa wakati chombo cha Soyuz 1 kilipokuwa kikirudi duniani. Na Gagarin ndiye aliyewekwa tayari kushika nafasi yake kama angeshindwa kwenda. Baada ya hapo kizuizi kikazidi. Fikirini unyonge wa mtu huyu: rubani ambaye sanamu yake yatundikwa kila mahali, na kuruka haruhusiwi.

Mwezi wa Februari 1968 alihitimu katika chuo cha uhandisi wa anga cha Zhukovsky, kisha akakubaliwa kujifunza upya kazi ya urubani. Kati ya tarehe 13 na 22 Machi aliruka mara 18 pamoja na mwalimu, jumla ya saa saba. Alikuwa kanali, umri wake miaka 34, na kifuani ana nishani ya ushujaa. Hata hivyo alikaa mbele akapimwa kama mwanafunzi yeyote. Hapa tulisita kidogo tulipokuwa tukiisoma habari yake. Ni wangapi katika sisi, tukishapata kilemba na watu wa kutuamkia, tutakaokubali kurudi kwenye alifu na ubao?

Ndege yenyewe ilikuwa MiG-15 ya kufundishia, yenye viti viwili. Aina hiyo iliruka mara ya kwanza mwishoni mwa mwaka 1947, wakati jeti zilipokuwa bado jambo jipya, na ile iliyompakia Gagarin ilitengenezwa Czechoslovakia mwaka 1956. Jeti za zama zile zilikuwa na mwendo mkali kuliko ustahimilivu. Rubani akizikosea angani, huweza kuanza kuzunguka kama pia huku zikishuka, na kuzirudisha sawa kwataka nafasi kubwa chini yake.

Siku ya Jumatano, tarehe 27 Machi 1968, waliruka kutoka uwanja wa Chkalovsky, karibu na Moscow, yapata saa nne na robo asubuhi. Mwalimu alikuwa Kanali Vladimir Seryogin, mwenye umri wa miaka 45, shujaa wa Vita Vikuu vya Pili. Hilo lilikuwa zoezi la kupimwa; akifuzu, Gagarin alikuwa apewe ndege ya MiG-17 aruke peke yake siku ile ile. Saa nne na nusu aliarifu kwa redio kwamba zoezi limekwisha, akaomba ruhusa ya kugeuka arudi. Sauti yake ilikuwa tulivu. Baada ya dakika moja hivi ndege ilipiga ardhi msituni, karibu na kijiji cha Novosyolovo, upande wa mji wa Kirzhach. Uwanjani waliita na kuita, pasiwe na jibu. Helikopta zikatumwa kutafuta, na mabaki yakaonekana alasiri.

Sababu ni nini? Wachunguzi waliandika mabuku 29, serikali ikayafungia. Watu wakinyimwa habari hujitungia yao, basi ukazuka uvumi kwamba marubani wale walikuwa wamelewa. Ulikuwa uwongo; vipimo havikuonyesha kileo. Wajane na watoto waliishi na maneno hayo miaka mingi, na kwetu sisi huo ni msiba wa pili juu ya ule wa kwanza.

Nyaraka zilipofunguliwa mwaka 2011, zilieleza kwamba yaelekea ndege iligeuzwa kwa ghafula, ama kukwepa puto la kupimia hali ya hewa, ama kukwepa kuingia winguni, ikapoteza mhimili wake. Mwanaanga Alexei Leonov, aliyekuwa karibu na mahali pale siku ile na kusikia vishindo viwili, alishikilia kwamba ndege nyingine ya kivita ilipita karibu mno ikawapindua. Hatuna haki ya kuamua baina yao. Lakini yako mambo ambayo hayahitaji bingwa. Taarifa ya hali ya hewa waliyopewa ilikuwa imekwisha pitwa na wakati. Chini ya mabawa yaliachwa matangi ya ziada ya mafuta, nayo hufanya ndege iwe nzito kugeuka. Kwa safari ya kuizunguka dunia kila msumari ulikaguliwa. Kwa somo la nusu saa, mambo yalikwenda kwa mazoea.

Wataalamu walihesabu kwamba waliposhuka chini ya mawingu walikuwa tayari wakiinua pua ya ndege, na zilipungua sekunde mbili hivi. Katika ndege ile kila mtu alikuwa na kiti cha kumrusha nje, na kwa jinsi ilivyoundwa, wa nyuma ndiye aliyetakiwa kutangulia. Seryogin hakuruka, wala Gagarin.

Tarehe 30 Machi majivu ya mwalimu na ya mwanafunzi yaliwekwa katika ukuta wa Kremlin, mjini Moscow.