Bomba la hewa: kinga ya nyumba inayosahauliwa

Na Mwandishi Wetu

WAKAZI wengi wa maghorofa wanaposikia harufu ya maji taka bafuni, humwaga dawa sakafuni na kufungua dirisha. Harufu hupungua, kisha hurejea jioni majirani wa juu wanapoanza kuoga. Mara nyingi kasoro haimo bafuni humo, bali katika mwenendo wa hewa ndani ya mabomba.

Chini ya kila sinki na ndani ya choo cha kuvuta, bomba hupindwa ili maji kidogo yabaki hapo daima. Kina chake, ambacho kwa kawaida ni milimita 50 hadi 75, ndicho kizuizi pekee baina ya chumba na hewa chafu ya bomba kuu.

Maji mengi yanaposhuka kwa kishindo kutoka juu, huburuta hewa na kufyonza maji ya kizuizi katika vyumba yanamopita. Hewa iliyo mbele yake nayo husukumwa, hata povu likachomoza chooni ghorofa ya chini. Sinki linalogugumia bila mtu kulitumia ni dalili ya mapema.

Tiba ni kuliendeleza bomba kuu hadi juu ya paa, likaachwa wazi, mbali na madirisha. Katika majengo marefu, bomba la pili la hewa husimamishwa sambamba na kuunganishwa nalo. Zipo pia valvu ndogo zinazoingiza hewa na kujifunga zenyewe, lakini hizo haziwezi kuitoa hewa inayosukumwa. Fundi anayelikatia bomba la hewa chini ya dari ili kuokoa vipande viwili vya plastiki humwachia mwenye nyumba hasara ya miaka.

Uzito wa mambo haya ulidhihirika Hong Kong mwaka 2003, ugonjwa wa SARS ulipowapata watu zaidi ya 300 katika makazi ya Amoy Gardens. Uchunguzi wa serikali ulieleza kuwa maji ya vizuizi vya sakafuni katika mabafu mengi yalikuwa yamekauka, na kwamba huenda feni za mabafu zilivuta matone yenye virusi kutoka bomba la maji taka. Katika Jengo E, bomba la hewa lilikutwa na ufa kwenye ghorofa ya nne.

Bomba la hewa haliwezi kuzuia ukaukaji wa aina hiyo. Bafu lisilotumika humwagiwa maji kidogo kwenye tundu la sakafu kila wiki.