FILAMU YA JINO INAYOJIOSHA YENYEWE

Juma hili tuzungumzie picha ya jino, maana wengi wetu tukiumwa jino tunamwambia tabibu, "Ng'oa tu." Lakini jino linalouma si lazima liwe lile unalolidhania. Usaha hujificha kwenye mzizi, ndani ya mfupa, na jicho halifiki huko. Ndiyo maana ya eksirei, mionzi aliyoigundua Wilhelm Röntgen huko Ujerumani mwaka 1895.

Filamu ya kawaida ya jino hupakwa chumvi za madini ya fedha. Ikishapigwa mionzi huoshwa katika chumba cha giza: dawa ya kwanza huitoa picha, maji huisuuza, dawa ya pili huondoa fedha ambayo haikuguswa na mionzi, kisha husuuzwa tena na kukaushwa. Pasipo chumba cha giza, kazi hii inakwama.

Hapo ndipo inaposaidia filamu inayojiosha yenyewe. Ni pakiti ndogo yenye sehemu mbili: moja ina filamu, nyingine ina dawa inayofanya kazi zote mbili kwa pamoja. Baada ya kupiga picha, tabibu huiminya dawa iingie upande wa filamu, huipapasa kwa vidole kwa muda wa dakika moja hivi, kisha huifungua na kuisuuza kwa maji. Picha ipo! Hufaa sana kwenye kambi za matibabu vijijini, na pale daktari anapotibu mzizi na anahitaji jibu mgonjwa akiwa bado kitini. Kwa kawaida picha yake si kali kama ile iliyooshwa vizuri chumbani, lakini inaonesha njia.

Ndugu msomaji, nikueleze kosa langu mwenyewe. Siku moja foleni ilikuwa ndefu. Nilimpiga mama mmoja picha ya aina hii, nikaisuuza kwa maji kidogo, nikaifuta, nikampa. Aliporudi baada ya miezi kadhaa, picha ilikuwa imegeuka kahawia, mzizi hauonekani. Mabaki ya dawa yaliendelea kuila. Ikabidi apigwe mionzi mara ya pili, kwa sababu tu ya maji niliyoyabania. Mionzi ya picha ya jino ni kidogo, lakini hata hicho kidogo hakipigwi bila sababu.

Kwa hiyo zingatia haya:

Kwanza, muombe tabibu aisuuze picha kwa maji mengi na aikaushe kabla hujaondoka nayo. Hiyo ni haki yako.

Pili, pakiti imetoka mdomoni na ina mate. Ifutwe kwa dawa ya kuua vijidudu kabla ya kuminywa, na tabibu avae glovu.

Tatu, ukiwa mjamzito, sema mapema. Picha ikihitajika kweli inaweza kupigwa kwa tahadhari, lakini tabibu lazima ajue.

Nne, pakiti iliyotumika usimpe mtoto achezee. Dawa yake huwasha ngozi na kudhuru macho. Ikimrukia jichoni, mwoshe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha mpeleke hospitali.

Tano, tunza picha kwenye bahasha, mahali pakavu, ukiwa umeandika jina na tarehe. Wala usiitumie kutazamia jua linapopatwa. Filamu ya eksirei haikingi macho, na jicho likiungua hapo ndani huenda lisirudi kama lilivyokuwa.

Siku hizi kliniki nyingi hutumia kompyuta, na picha hutokea kwenye kioo papo hapo. Lakini pale umeme na vifaa vinapokosekana, kijipakiti hiki bado kinaweza kuliokoa jino ambalo lingeng'olewa bure. Basi ukiumwa, kabla ya kusema "ng'oa", uliza kwanza: "Je, picha haihitajiki?"

Tukutane juma lijalo, inshaallah.