Mbwa Akiharisha, Maji Kwanza

Mbwa wa boma akila mzoga au matumbo mabichi, huharisha na kutapika. Wenye mashamba ya Lugari na Likuyani wanalijua sana jambo hili.

Ukishauriwa kununua dawa za homiopathi, jua kwanza zinavyotengenezwa. Daktari Mjerumani Samuel Hahnemann alianza kuzieleza mwaka 1796. Tone moja la dawa hutiwa katika matone 99 ya maji au spiriti. Tone moja la hapo hutiwa tena katika matone 99 mengine, na pengine hurudiwa hata mara 30. Mwishowe dawa yenyewe haimo. Mbwa akipona, ni kwa kuwa kuharisha kwingi hukoma kwenyewe baada ya siku moja au mbili.

Yafaa ufanye hivi. Mbwa mkubwa asile kwa nusu siku, lakini maji safi asikose, anywe kidogo kidogo. Kisha mpe wali laini na nyama ya kuchemsha isiyo na mafuta. Usimpe mnyama vidonge vya watu vya kutuliza maumivu. Parasetamoli huua paka.

Mtoto wa mbwa usimngoje. Akitapika na kuharisha damu, huenda ni parvo, nao huweza kumwua kwa siku mbili tatu. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku iyo hiyo. Chanjo huzuia ugonjwa huu, basi achanjwe mapema, na matumbo ya kuchinjwa yapikwe au yazikwe.