Ruzuku Imefika Chuoni: Nani Ashike Mfuko?

Wengi wenu mmeajiriwa, na wengine mnafanya kazi vyuoni: huyu mwalimu, yule mtunza stoo, mwingine karani wa masijala. Siku moja mkuu wa chuo anakuita na kusema kuna mfadhili, andika andiko. Sisi tuliitwa hivyo. Tuko wanawake wanne, wote wenye ndoa na watoto, katika chuo kidogo cha ufundi hapa Rubwera, makao makuu ya Wilaya ya Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Tumeona tuwasimulie yaliyotupata, pamoja na yale yanayotutia haya.

Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba msichana aliyejifungua aruhusiwe kurudi shuleni. Wapo wanaorudi. Wapo pia wanaoona aibu kukaa dawati moja na wadogo zao, nao huja kwetu kujifunza cherehani, mtoto mgongoni. Mtoto akilia, mama hutoka nje. Akirudi, wenzake wamekwisha kata kola. Tulitaka chumba kimoja tu, chenye magodoro na mlezi.

Wazo halikuwa letu. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza mwaka 1975 kwa mfano na msaada wa Sweden na sasa ni 54, vimekuwa vikipokea akina mama vijana pamoja na watoto wao katika mpango uitwao Elimu Haina Mwisho. Vyuo hivyo vina funzo jingine pia. Msaada wa Sweden ulipopungua katika miaka ya 1990, vingi vilichakaa. Kwa hiyo tulijiuliza tangu mwanzo: mfadhili akiondoka, nani atamlipa mlezi? Na waliodhani swali hilo ni la woga waliona mwaka 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake mwezi Januari na shirika la USAID likafungwa Julai.

Andiko la kwanza tuliliandika usiku, vyombo vikishaoshwa. Tuliomba kila kitu: kompyuta, semina, hata pikipiki. Rafiki yetu aliyewahi kushughulika na miradi alisoma, akacheka, akatuuliza, "Mtoto yuko wapi humu?" Hakuwepo. Tukachukua daftari la mahudhurio la muhula mmoja, tukaweka alama siku ambazo wasichana wenye watoto hawakufika au walitoka mapema. Ukurasa huo mmoja ulisema zaidi ya zile kumi za kwanza.

Usidhani kuandika ni kazi ya wasomi wa mbali. Jirani zetu wa Karagwe walishuhudia utafiti wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, uliofanywa pamoja na shirika la wakulima la Mavuno, wa kutengeneza mboji kwa majivu, makaa na kinyesi cha chooni kilichopashwa moto kuua vijidudu. Ni kazi nzuri. Lakini majivu ni ya jikoni kwetu, na mwalimu wa kilimo wa huku angeweza kuuliza swali hilo mwenyewe. Kwa watafiti iko Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Ila msichanganye ruzuku na mkopo. Ile asilimia 4 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake, iliyosimamishwa Aprili 2023 na kurudishwa mwaka 2024, haina riba, lakini ni deni. Tumewaona akina mama waliogawana wakidhani ni zawadi.

Fedha yetu ilipofika, kazi ya kwanza ilikuwa nyumbani. Mume wa mmoja wetu alisikia neno "milioni" akaanza kuulizia bei ya bati. Ilibidi aonyeshwe barua ya mkataba, kifungu kwa kifungu: mbao, saruji, magodoro, posho ya mlezi. Mwambie mumeo mapema, dada.

Chuoni nako mambo ni yale yale. Huku kwetu kuna butura, yaani mkulima kuuza kahawa ingali maua kwa bei ya kutupa. Vyuo hufanya butura pia: fedha haijaingia benki, tayari imekopewa dukani.

Sasa tufike kwenye kosa letu. Mwenzetu alipewa masurufu ya shilingi 600,000 za mbao. Alizichukua jioni, akalala nazo nyumbani. Usiku ule mtoto wake alishikwa na degedege. Alitumia 140,000 kwa gari na hospitali, na mtoto akapona. Alizirudisha mshahara ulipotoka, siku kumi na tisa baadaye. Sisi watatu tulijua. Kwa huruma tulimtafutia risiti yenye tarehe ya nyuma, ili masurufu yaonekane yamerejeshwa kwa wakati.

Mkaguzi hakuchukua hata saa moja. Aliuliza kwa nini risiti hiyo imeandikwa kwa mkono, wakati nyingine zote za duka lile zimetoka kwenye mashine ya EFD.

Hatumlaumu mama aliyemkimbiza mtoto hospitali. Nani kati yenu angehesabu vifungu vya bajeti saa nane za usiku? Kosa lilikuwa kuacha fedha ilale kwenye mkoba wa mtu mmoja. Kubwa kuliko hilo ni uongo wetu sote. Mtume Paulo alipopeleka mchango wa makanisa Yerusalemu alitaka wenzake waambatane nao, asije akalaumiwa. Sisi tulikuwa wanne, na wanne tulinyamaza.

Tuliandika barua kwa mfadhili, tukaeleza yote bila kupamba. Ilikuwa barua ngumu kuliko andiko lenyewe. Awamu ya pili ilizuiwa muhula mzima, kisha ikaja pungufu. Siku hizi duka hulipwa kutoka akaunti ya mradi kwa sahihi mbili, na hapewi mtu masurufu mapya kabla ya kurejesha ya kwanza. Pia kila mmoja wetu huweka shilingi 5,000 kwa mwezi katika kopo la dharura, lisilohusiana na mradi, kwa ajili ya usiku kama ule. Mlezi analipwa nusu na mradi, nusu na mauzo ya sare tunazoshona. Tunakusudia nusu hiyo ya mauzo iongezeke kabla mkataba haujaisha.

Daftari la risiti tumempa mwenzetu yule yule. Hakuna anayezikagua kama yeye.

Chumba kinatumika. Dari bado, maana ndiyo iliyokatwa katika awamu ya pili. Mvua ikigonga bati watoto huamka wote kwa pamoja, na mama zao huacha cherehani na kukimbia.