Kabla ya kugusa transfa, tia kabari

UKITOKA kwenye vichochoro vya Mji wa Kale, ambako Land Rover hata kugeuza ni taabu, ukafika gereji za jua kali kisiwani Mombasa, hutakosa kuona kijana amelala chini ya gari, oili ikimdondokea shingoni. Gari limerudi Tsavo au Shimba Hills, na ugonjwa ni transfa: lile sanduku la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma.

Kuifungua si kazi. Kuirudisha ndiko mtihani.

Kwanza uhai wako. Kwenye Defender za zamani, ambazo ziliacha kuundwa Januari 2016, handibreki haiko kwenye tairi. Iko nyuma ya transfa. Ukishafungua propela zote mbili, vuta handibreki hadi mkono uchoke, gari halishikwi! Kwa hivyo tia kabari mbele na nyuma ya tairi, na gari likae juu ya stendi. Jeki pekee usiiamini. Transfa yenyewe ni nzito. Usiipokee kifuani kama gunia la nazi.

Sasa mezani. Ndani ya LT230, ambayo ndiyo transfa ya Defender nyingi, kuna gia ya kati inayozunguka juu ya beringi mbili. Katikati yake kuna spesa ambayo hubonyea unapokaza nati. Ikishabonyea, imemaliza kazi. Hapa ndipo wengi huchemsha: wanairudisha ile ile ili kuokoa pesa ya spea. Beringi ikilegea, gia zinalia. Ikikazwa kupita kiasi, inaungua. Nunua mpya, boss.

Oili sili zitie mdomo ukielekea ndani kwenye oili. Silikoni ipake nyembamba, maana inayozidi humenyekea ndani.

Kabla ya kuipandisha, zungusha shafti kwa mkono, ingiza gia nzito, kisha nyepesi. Ikikwama weka nyundo chini, fungua tena.

Hata kwa oili kuna ujanja: legeza nati ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia. Ikigoma baada ya kumwaga, umebaki na transfa kavu. Jaza gari likiwa tambarare hadi oili ianze kuchuruzika tunduni.

Halafu jaribu handibreki kwenye mteremko mdogo, mwenzako akiwa kando na kabari, kabla gari halijateremka kwenda kupanda feri ya Likoni.