Istilahi za Ukoo katika Densi ya Vogu

Mwanafunzi wa isimujamii hufunzwa mapema kuwa istilahi za ukoo hazifuati damu daima. Mfano mmoja mzito unapatikana Harlem, New York, miongoni mwa wapenzi wa jinsia moja na watu waliobadili jinsia, wengi wao Weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini, ambao baadhi yao walifukuzwa makwao wangali vijana.

Mnamo 1967, Crystal LaBeija alishindwa katika shindano la urembo la wanaume waliovalia kike. Alilalamika waziwazi kwamba kulikuwa na upendeleo. Hasira yake imehifadhiwa katika filamu ya The Queen (1968). Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikaasisiwa Nyumba ya LaBeija, yeye akiwa mama. Nyumba nyingine zikafuata, kila moja na mama au baba, na watoto waliotwaa jina la nyumba kama ubini.

Nyumba hizi zilishindana kumbini usiku wa manane, na humo ndimo vogu ilimokomaa. Mchezaji huiga mikao ya warembo wa jarida la Vogue, akiganda ghafla kwa kufuata mdundo. Wapinzani hujibizana bila kugusana: mmoja hujifanya ameshika kioo, akajipodoa, kisha akamgeuzia mwenzake ajione alivyo. Aliyesikiliza mipasho ya taarabu hahitaji ufafanuzi zaidi.

UKIMWI ulipozuka katika miaka ya 1980, neno 'mama' lilitiwa kwenye mizani. Wagonjwa waliokanwa na jamaa zao waliuguzwa na watu wa nyumba zao. Mwaka 1989 mashindano ya Love Ball yalichangisha fedha za kukabiliana na maradhi hayo. Mwaka uliofuata wimbo wa Madonna uliieneza vogu duniani, japo waasisi wake hawakutajirika.

Willi Ninja, mwanamume, alikuwa mama wa Nyumba ya Ninja. Kwa hiyo 'mama' hapa halitaji maumbile bali wajibu: kulea, kukanya, kufunza hatua. Ninja aliifundisha densi hii hadi ng'ambo, akafariki 2006 kwa maradhi yaliyotokana na UKIMWI. Watoto wa nyumba yake wangali wanajiita Ninja.